Amri kwa Baba Mkwe

Porini, 11 Februari 1968

Mdogo wangu Shaweji,

Salamu zangu zikufikie kabla ya karatasi hii, maana karatasi anaibeba Cassamo, na Cassamo unamjua, kila kijiji ana shangazi wa kumsalimia. Sisi wazima. Mvua imelowesha mpaka nguo za sandukuni, lakini wazima.

Nina habari utakayoicheka. Wamenichagua kiongozi. Sadallah amepandishwa kuwa mwenyekiti wa eneo lote mpaka huko Nhica, wanaume wengine wako vitani au wanabeba mizigo, basi waliobaki wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Nadhani ni kwa sababu ya mdomo wangu. Kichekesho ni kwamba kazi ya kwanza ya kiongozi huku ni kuwanyamazisha watu. Tangu tuikimbie pwani ili tropa, askari wa Mreno, wasituingize kwenye vijiji vyao vya senyenge, tunaishi kwa kujificha. Moshi mchana hakuna, majogoo tumewala wote, nguo nyeupe haianikwi, na mtu haongei ila kwa kunong'ona.

Wewe uko kwenye kambi ya mafunzo huko Tanzania, unafundishwa uongozi kwa filimbi. Basi niambie. Mtu anafanyaje mpaka wenzake wamtii? Ni kweli mnakunja mablanketi mpaka pembe zilingane? Blanketi likikunjwa vibaya, Mreno anafurahi? Na kwa nini mtu anayekwenda kupigana vichakani anyoe ndevu kila asubuhi? Nauliza kwa dhihaka kidogo, lakini jibu nalitaka kwelikweli, maana jana nilisema "tuhamishe jiko" na watu watatu wakanipa sababu nne za kutohamisha.

Baba mkwe anakusalimu. Tangu Muhamudo wangu auawe na bomu mwaka jana, Mzee Abudo amebaki na mimi, na mimi nimebaki naye, hatuna mwingine. Bado anaadhini kila alfajiri kama tulipokuwa pwani. Na anasema katika wanafunzi wake wote wa chuo cha Kurani, aliyekula viboko vingi ni wewe.

Dada yako,
Mastura


Kambini, 9 Machi 1968

Dada Mastura, Kiongozi,

Shikamoo. Barua yako ilikaa sana kwa mkaguzi wa barua kwa sababu umeiandika kwa herufi za Kiarabu na hapa hakuna aliyeweza kuisoma. Mwishowe wakaniita niisome mwenyewe mbele yake. Kipande cha viboko nilikiruka.

Sijacheka. Nimefurahi, na nimewaambia wenzangu. Swali lako la blanketi niliuliza mimi pia wiki ya kwanza, nikapewa adhabu ya kuchota maji. Sikuelewa kitu huko kisimani, usidhani. Nilielewa siku tulipoamshwa gizani na kuambiwa tuondoke, mkono wangu ukajua kila kitu kilipo bila mimi kufikiri. Ndevu bado sijazielewa. Kamanda wetu Lázaro anasema mtu anayejiacha kidogo ataacha na bunduki. Labda.

Kuhusu kutiiwa, nakuandikia ninavyofundishwa. Kiongozi anaamka wa kwanza na anakula wa mwisho. Hili usilichezee, watu wanatazama sahani yako kuliko mdomo wako. Amri itoke kwenye mdomo mmoja. Na unayempa amri airudie kwa maneno yake mbele yako, asiseme "ndiyo" tu, maana "ndiyo" kila mtu anaijua kuisema. Adhabu iwe moja kwa wote, na ukitaka waiamini, ianze na wa kwako. Udugu unauacha mlangoni kama viatu.

Jaribu, kisha uniambie kipi kimefanya kazi kwa watu wasio askari. Hata mimi nataka kujua. Hapa ukikataa unaadhibiwa, kwa hiyo sijui kama watu wanatii uongozi au wanatii adhabu.

Mzee Abudo mwambie viboko vyake ndivyo vilivyonileta huku.

Mdogo wako,
Shaweji


Nhica, 2 Aprili 1968

Kwa Kiongozi Mastura,

Naandika kwa kazi ya uenyekiti. Walinzi wa njia wamenieleza kwamba adhana ya baba mkwe wako inasikika mpaka kwenye njia wanayopita tropa. Walinzi wanamjua hata aliyekohoa ni nani, sembuse anayeadhini.

Mwambie mzee aadhini kwa sauti ya chini au aadhini moyoni. Mungu anasikia. Ikisikika tena, na baada ya onyo, avushwe mto aende akakae kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo. Sitaki kupoteza kijiji kizima kwa ajili ya mtu mmoja.

Mimi pia alinifundisha Kurani, usidhani moyo wangu jiwe. Lakini wewe ndiye kiongozi wake, amri ni yako kuitoa.

Sadallah, mwenyekiti


Porini, 28 Aprili 1968

Mdogo wangu Shaweji,

Uliniambia nijaribu. Nimejaribu.

Siku ya kwanza ya kula wa mwisho nilikula harufu. Chungu kilipofika kwangu kilikuwa kinang'aa. Somoe akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa nguo yake ya kapulana, unajua kicheko chake kilivyo, kinataka kuwekewa sheria yake peke yake. Siku ya pili walinibakizia kijiko. Siku ya tatu nikagundua jambo. Nikiwa nimesimama pale mpaka chungu kinakwisha, nilimwona Mwajuma anapokea ugali wake na hali. Anaufunga kwenye jani, anampelekea binti yake mjamzito. Mwaka mzima nimekuwa nikila mapema na kudhani kila mtu kashiba. Kumbe sheria yako haihusu heshima kama nilivyodhani, ni ya kumfanya kiongozi asimame mahali pa kuona. Au hata nyinyi mliambiwa hivyo, ukaniacha nijionee?

Kurudia amri nako kumeshika. Somoe anairudia kwa sauti yangu, na kikohozi changu anakitia ndani, lakini tangu aanze kurudia hajachota maji kwenye kisima tulichokikataza. Wazee nimewaachia. Huwezi kumwambia mzee "hebu rudia nilichosema" kama mtoto wa chuo, utalaaniwa na utakuwa umejitakia.

Sasa swali. Kuna mtu mmoja hapa anapiga kelele. Si kwa uovu, lakini kelele yake inaweza kutuletea tropa. Nimemwonya. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nimesikia." Kesho yake akapiga vilevile, tena kwa nguvu zaidi. Nikamwonya tena. "Nimesikia." Wapo wanaomsifu kimoyomoyo, Mwajuma anasema huyu ndiye pekee asiyemwogopa Mreno. Mimi sijui la kufanya. Nimeamriwa nimwondoe, na nikimwondoa, kwenye banda langu atabaki panya na mimi.

Jina lake silitaji. Ukilijua utanipa huruma, nami nimekuomba sheria.

Dada yako,
Mastura


Kambini, 19 Mei 1968

Dada Mastura,

Shikamoo. Kuhusu kula wa mwisho, hatukuambiwa. Tuliambiwa ni heshima. Nimempelekea Lázaro maneno yako na akasema dada yako angekuwa kamanda mzuri. Sikupenda sana alivyonitazama baada ya hapo.

Swali lako lina jibu fupi. Anayesema "nimesikia" na kurudia kosa ni mbaya kuliko anayebisha, maana anayebisha unajua alipo. Ukimwacha mmoja, kesho watakuwa wanne. Onyo la pili limekwisha. Mwondoe, hata kama ni mama aliyetuzaa. Ukilia, lia baadaye na ulie peke yako. Usinitajie jina, umefanya vyema kulificha.

Nimekabidhiwa kikosi. Kidogo, lakini changu. Tunakwenda kulinda kivuko cha Rovuma, upande wa huku. Mtu wako akivushwa na Cassamo, atapita mikononi mwangu. Nitampokea kwa adabu.

Mdogo wako,
Shaweji, Kiongozi wa Kikosi


Porini, 21 Juni 1968

Shaweji,

Mzee anayekuja na Cassamo ndiye; barua hii nimemtuma kijana awakimbilie nayo njiani.

Usikasirike bado, soma kwanza. Maulidi tuliyasoma kwa kunong'ona, wote tumekaa chini tukisogeza midomo kama samaki. Alfajiri iliyofuata Mzee Abudo aliadhini mpaka ndege wakaruka mitini. Tropa walikuja kabla jua halijapanda. Tulikimbia, hakufa mtu, lakini walichoma mihogo yote tuliyokausha na ghala la mtama. Waliokuwa wakimsifu wakaacha. Sadallah alikuja mwenyewe, hakunigombeza, alisimama tu pale kwenye majivu akiningoja mimi niseme.

Nikaenda. Miaka yote niliyoolewa sijawahi kuzungumza na baba mkwe uso kwa uso, unajua adabu zetu. Ujumbe wangu hupita kwa mtoto, au nasema nikiwa nimeinama. Siku hii nilipiga magoti mbele ya mkeka wake, nikatazama chini, nikamwambia yote. Kwamba nampenda kama baba aliyenizaa. Kwamba lazima aende. Nilinong'ona kwa sababu ya sheria. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia, mwanangu," akanigusa kichwani.

Asubuhi Cassamo alipomshika mkono, akachukua fimbo na msahafu, akatoka ametulia kabisa. Blanketi hakuchukua. Nilimkimbilia nalo. Alinitazama kwa mshangao, halafu akatabasamu. Nimeyawaza macho yale tangu walipoondoka. Ni macho ya mtu aliyekasirika, au ya mtu aliyesamehe? Wewe una akili ya kuyachunguza mambo, mtazame uniambie.

Sheria yako nimeitekeleza. Banda liko kimya kama ulivyotaka.

Mastura


Kivukoni, 2 Julai 1968

Dada Mastura,

Shikamoo. Mzee amefika mzima, miguu imevimba kidogo. Nilipomwona anashuka kwenye mtumbwi nilitamani mto unichukue. Yule mzee ndiye aliyenipa kanzu ya kwanza, na mimi nimekuandikia umwondoe hata angekuwa mama yetu.

Sasa nakwambia nilichokiona, ukae kwanza.

Siku ya pili tulipigiwa filimbi ya kuonya kwamba ndege ya Mreno inakuja. Filimbi yetu inauma masikio. Watu wote chini, mimi chini, mzee amesimama nyuma ya jiko anatawadha, anamimina maji kwenye kiwiko taratibu. Nikasema moyoni, huo ndio ukaidi wenyewe. Ndege ilipita mbali. Nikainuka na hasira zangu zote za kiongozi mpya, nikaenda nyuma yake, nikaita, "Mwalimu!" Hakugeuka. Nikaita kwa sauti ya gwaride. Chaquir, mpishi wetu, aliangusha sufuria kwa mshtuko. Mzee akaendelea na mguu wa kulia.

Dada, hasikii. Nimemjaribu kila namna tangu siku hiyo. Ukimpigia filimbi sikioni anageuka kama mtu aliyeguswa na nzi.

Hebu fikiri ni lini mtu yeyote angemgundua. Nyinyi nyote mnanong'ona. Yeye ndiye anayeswalisha, kwa hiyo hamfuati mtu. Ndiye mwalimu, kwa hiyo huanza yeye kusema na watu huitikia kwa kuinama. Wewe unaongea naye ukitazama chini, hata midomo yako haioni. Na akiona mtu amemaliza kusogeza mdomo, anasema "nimesikia", basi, mtu anaondoka ameridhika.

Nilimwandikia mchangani kwa kijiti, "Mwalimu, unasikia?" Akasoma. Akakaa chini palepale kwenye matope ya udhu. Sikumwona akilia nilipokuwa mtoto na sijui kama nilimwona akilia juzi, uso ulikuwa na maji tayari.

Nimempelekea Lázaro habari nzima alipotukagua. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mzee aliirudia amri?" Nikasema hapana, kwetu huwezi kumtaka mzee arudie maneno. Akasema, "Basi hakupewa amri." Mimi nilikuandikia sheria ile kwa mkono wangu, kisha uliponiuliza kuhusu mtu mmoja nikaisahau, nikakimbilia ile ya adhabu kwa sababu ilinifanya nijione mkubwa. Nimeona aibu na sijaimaliza.

Anakuandikia mwenyewe. Sijaisoma.

Shaweji


Kivukoni, 3 Julai 1968

Kwa mkwe wangu Mastura, mke wa marehemu mwanangu, Mungu akuhifadhi wewe na wote walio chini ya kivuli chako.

Ama baada ya hayo, nakuarifu kwamba mimi ni mzima wa mwili. Mwanafunzi wangu Shaweji ananilisha kupita kiasi, na ananiandikia mchangani kwa mwandiko uleule mbaya.

Binti yangu, siku ile ndege ilipotupiga bomu kitu kilinipiga kichwa, nikaanguka. Nilipozinduka dunia ilikuwa imetulia. Niliona watu wanasogeza midomo, sauti hakuna. Nikasema moyoni, huu ni msiba, watu wamelia mpaka sauti zimewakauka. Nikauheshimu. Baadaye kila mtu akawa anaweka kidole mdomoni, tukahamia kule ndani, nikaona mmeamua kuishi kimya. Sikuuliza. Labda nilijua. Mtu mzima anajua vitu vingi asivyopenda kuviuliza. Adhana yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali, kama iko ndani ya kifua cha mtu mwingine, nikadhani ninanong'ona kuliko nyinyi nyote.

Cassamo aliponishika mkono asubuhi ile, nilidhani tunakwenda kusoma hitima kwenye kaburi la mwanangu, kwa kuwa mwaka ulikuwa umetimia. Ndiyo maana sikuchukua blanketi. Nilipouona mto nikaelewa kwamba nimehamishwa, ila sikujua kosa langu. Sasa nimeandikiwa. Kumbe nimewachomea watu chakula.

Sikuombi kurudi. Wewe ni kiongozi, na kiongozi haombwi na jamaa zake, Shaweji ameniandikia sheria hiyo na naikubali. Amenifundisha niweke kiganja kooni ninapoadhini. Koo likitetemeka sana, nishushe. Nafanya mazoezi. Mpishi ananiambia kwa mkono, juu au chini.

Nakuomba jambo jingine. Siku ya mazishi ulikuja ukapiga magoti mbele yangu, midomo yako ikaenda kwa muda mrefu. Nilikwambia nimesikia, kwa sababu ulikuwa unalia na sikutaka kukuchosha urudie. Wewe ndiye uliyekuwa na Muhamudo mwisho. Kama aliacha neno, niandikie. Kama hakuacha, niandikie hivyo pia, nitaridhika.

Baba yako,
Abudo


Porini, 15 Julai 1968

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia moja kwa moja, bila mtoto wa katikati, na bila kuinama. Mungu anisamehe adabu.

Barua zenu zilipofika niliwaita watu wote kwenye majivu ya ghala. Niliwaambia kwamba amri ile haikufika, na amri isipofika, mwenye kosa ni aliyeituma. Chakula kilichoungua kiko shingoni mwangu. Wakitaka kiongozi mwingine, wamtaje. Somoe akanong'ona, "Na mzee anarudi lini, au tuendelee kuswalishwa na huyu aliyeshika nafasi yake, anayekohoa kuliko anavyosoma?" Sadallah aliinama kufunga kamba ya kiatu na kiatu chake hakina kamba.

Baba, urudi. Nakuamuru kama kiongozi na nakuomba kama mtoto wako, uchukue lolote litakalokufaa. Cassamo anakungoja, mto sasa umepungua. Alfajiri nitakaa mbele yako, nikuonyeshe kwa mkono juu au chini. Nitakapozungumza nawe nitakutazama usoni, uione midomo yangu. Watakaosema Mastura hana haya, waseme.

Sasa neno la mwanao. Nilikwambia siku ile, na mwaka wote huu nilikuwa nikijiuliza kwa nini hulitaji. Nilikuwa nimekukasirikia, Baba. Nilidhani limekuwa dogo kwako.

Bomu lilipoanguka lilimpiga yeye tumboni na wewe likakutupa pembeni. Nilimkuta ana fahamu zake. Nilitaka kumfunga kwa kapulana yangu, akaushika mkono wangu akauondoa. Akaniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikamwonyesha ulipolala, chini ya mkorosho, umepigwa na vumbi. Nikakukimbilia, nikaweka sikio kwenye kifua chako, nikarudi nikamwambia moyo wako unapiga.

Akasema, "Nigeuze kichwa nimwone." Nikamgeuza. Akakutazama, hakukuondolea macho. Baadaye akasema, "Basi, mpelekee maji, usikae hapa."

Nikakuletea maji. Niliporudi alikuwa bado anakutazama wewe, amekwisha kufa.

Mwanao,
Mastura